Koleo la Mhasi

Mhasi wa kondoo ana domo, msimwone hivi. Akishika koleo hutema mate pembeni, humwita dume "bwana harusi," kisha hubana mishipa ya korodani kabla mwenye mali hajamaliza kucheka. Vidole vyake, vinene kama mipini ya jembe, havijawahi kusita. Leo vimesita. Mbele yake amelazwa dume wa mwisho wa kilimani, mfupi, mkia umejaa mafuta, kwato ngumu kama kokoto. Kilima chenyewe ndicho kilichowachagua kondoo wa aina yake: kila kiangazi wenye kwato laini walikufa, hawa wakabaki kuzaa. Lakini shemeji yake, mwenye zizi, anayeishika miguu ya dume, sasa anataka mbegu ya dume mwingine, jitu aliyeletwa kutoka bondeni, anayehema kivulini.

"Bana basi, shemeji! Au uzee umekufika mikononi?"

"Nikibana, damu hii imekwisha. Kiangazi kikija, nani atapanda mawe haya kutafuta majani?" Hana mzaha. Jasho linamdondoka puani, koleo liko wazi. "Nibane?"

Hajawahi kumwuliza mtu hivyo. Shemeji anageukia kivulini. Yule jitu anajaribu kuinuka, magoti yanamkatalia. Dume mfupi anapiga teke moja, na shemeji, mwenye nguvu za kumzuia, anaiachia miguu.