Taa za Karatasi ya Peremende

Juzi nilirudi nyumbani, karibu na Nkubu, kusaidia kubomoa stoo ya kahawa. Kahawa yenyewe iling'olewa zamani, shamba sasa ni makadamia na ndizi, na stoo ilikuwa imebaki kulea panya tu. Nilijiambia ni kazi ya asubuhi moja: mbao huku, mabati kule, kisha chai. Lakini nyuma ya magunia nikakuta bati lililotobolewa matundu, nyaya bado zinaning'inia mgongoni, na kwenye tundu moja karatasi ya peremende iliyopauka. Nikakaa chini, rafiki yangu, na kazi ikaishia hapo.

Bati hilo lilikuwa ndege ya kaka yangu.

Tulilelewa na nyanya, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi ya ofisi Meru mjini na alikuja wikendi tu. Wikendi moja alikuja na kompyuta iliyotupwa ofisini kwao, ndani yake mchezo wa kurusha ndege. Watoto wengine wangecheza tu. Kaka yangu alitaka chumba kizima cha rubani. Akakitengeneza stooni, katikati ya harufu ya magunia na mbuni, kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Kiti kilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, sponji imechomoza pembeni. Usukani ulikuwa bomba la maji. Saa mbovu za ukutani zikawa vipimo vya mafuta na mwendo, na vifuniko vya soda vikawa vitufe. Swichi tulipewa na jirani fundi wa redio, ambaye kila mara alilalamika kwamba tutamfilisi, kisha anainama kututafutia nyingine.

Mimi nilikuwa rubani msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kutaja mambo ya kukaguliwa, naye anajibu kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo popote pengine. Uwanja wa kwenye mchezo ulikuwa wa nchi za mbali, lakini sisi tuliuita Isiolo. Moshi wa kuni ulituingilia kwenye nyufa za mbao pamoja na harufu ya githeri, na kila tulipokaribia kutua, nyanya angeita kutoka jikoni, "Nyinyi watu wa ndege! Maji ya kuosha vyombo nayo yatashuka kutoka mbinguni?"

Ndege ndogo za watalii zilipita juu ya shamba letu zikielekea mbugani. Kaka alikuwa akiacha kikapu cha kuchumia kahawa na kuinua uso mpaka mlio upotee kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa kikapu chake kilipojaa kahawa mbichi. Sote tulichuma nyekundu, yeye alichanganya, na tena alichuma polepole, akiminya kila tunda kwa vidole. Kwenye fakitori ya kahawa, kabla ya mizani, ilibidi tumwage kahawa yetu juu ya gunia na kuichambua upya huku foleni nzima ikituangalia. "Huyu kijana macho yake yako wapi?" mtu angeuliza, na nyanya angejibu kwa aibu, "Yako juu huko na hizo ndege." Watu wanacheka. Kaka naye anacheka. Nilichukia sana kicheko hicho chake.

Sasa, kwenye bati la ndege, lililokaa mbele ya usukani, kulikuwa na taa mbili, balbu za tochi. Moja ilifungwa karatasi nyekundu ya peremende, maana yake magurudumu bado hayajashuka. Nyingine kijani, maana yake yameshuka, unaweza kutua. Karatasi nilifunga mimi. Aliniambia vidole vyangu ni vidogo, na mimi nikajiona fundi. Yeye, akirusha ndege, alipenda kuweka kidole gumba chini ya ukingo wa bati, karibu na taa. Nilidhani ndivyo marubani wa kweli wanavyokaa.

Siku moja karatasi ya taa ya kijani iliungua kidogo. Za kijani zilikuwa zimeisha, kwa hiyo nikafunga nyekundu nyingine ya kushikilia, nikangoja anigombeze. Tukaruka. Tukafika Isiolo. Akabonyeza swichi, na ile taa ikawaka nyekundu usoni mwake.

"Kijani," akasema. "Tunatua."

Nilimtazama nikajua. Nilikumbuka kahawa, foleni, kile kicheko. Nikamwendea nyanya jikoni nikamwambia yote.

Kesho yake shambani nyanya alimwita. Alishika matunda mawili kiganjani, moja bivu, moja bichi. "Nipe iliyoiva." Kaka akanyoosha mkono aminye. "Usiguse. Nionyeshe tu."

"Cucu, kwani ni mtihani?" Akaonyesha ile mbichi.

Nyanya aliyatia yote mawili kwenye kikapu chake mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuchuma mbichi maishani mwake. Tangu siku hiyo kaka akawa mbeba magunia, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi niliambiwa, "Usimwambie. Wacha aruke kwanza." Nilikuwa mtoto, na neno la nyanya lilikuwa sheria. Lakini sikufichi: nilimkasirikia kwa hilo. Hata siku tunamzika nyanya, nikilia, bado nilikuwa na hasira naye.

Maana kaka aliendelea kuruka. Alipomaliza kidato cha nne mama alimpeleka Nairobi, kwa daktari wa kupima wanaotaka kujifunza urubani. Akafunguliwa kurasa za nukta za rangi zenye namba ndani yake. Nyingi hakuziona kabisa. Alirudi akamkuta nyanya akiambua maharagwe.

"Wamenikataa, Cucu. Ni macho."

"Najua," nyanya akasema bila kuinua kichwa.

Kaka akanigeukia, nami nikatazama chini. Hakugomba. Alienda stooni, akang'oa kile kiti, akampelekea fundi wa redio kiwe cha wateja. Siku hizi yuko Embu, anatengeneza pampu za maji, ana mke na watoto. Ndege ikipita hainui uso.

Basi juzi nikampigia simu nikiwa na lile bati magotini. Nikamwambia nimelikuta bati lake.

"Ile ya taa? Pitisha kidole chini ya tundu la kushoto."

Nikapitisha. Kulikuwa na mikwaruzo miwili ya msumari.

"Hiyo ni kijani. Red ni moja."

"Kumbe ulijua?"

"Si nilijua hata kabla yenu! Nani huchuma mbichi miaka yote na hajui?"

"Sasa Nairobi ulienda kufanya nini?"

"Nilikuwa nafanya practice, wewe. Mkienda soko nabaki huko ndani naziangalia hizo taa, hii, halafu hii, mpaka machozi yatoke. Nilidhani macho ni kama hesabu, ukirudia sana inaingia. Hiyo ndege yote nilijenga juu ya hizo taa mbili."

Miaka yote hiyo nyanya na mimi tulimfichia jambo ambalo alikuwa akipigana nalo peke yake, upande wa pili wa mbao, huku sisi tukidhani tunamwachia mchezo. Hasira yangu kwa nyanya nikaitafuta nisiione. Nilichoona ni kwamba naye hayupo nimwambie.

"Kahawa iliisha yote?" kaka akauliza.

"Kuna mti mmoja, nyuma ya choo. Umezaa."

"Zimeiva?"

"Nyekundu kabisa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Nakuja Sato. Utanionyesha ni gani."

Hajawahi kuniomba hivyo tangu tuzaliwe. Stoo nimeibomoa, bati nimeliacha ndani ya nyumba, na ule mti nimekataza mtu yeyote asiuguse mpaka Jumamosi.