Nimeokoa nyimbo za kwaya ya Mama

Sijawahi kuambia mtu hili: mimi huandika programu za kompyuta kisiri. Naogopa kuchekwa.

Leo Mama, mwalimu wa kwaya hapa Witeithie, amefungua laptop mpya na nyimbo zake zote zikakataa kufunguka. Eti faili ni za toleo la zamani. Na Jumapili wanaimba Ruiru!

Kaka yangu Kamau akabadilisha tu majina ya faili. "Mami, kazi imeisha."

Wapi! Hakuna hata moja iliyofunguka.

Nikaingia chumbani na laptop, nikaandika skripti, programu fupi ya kugeuza zote ziwe za toleo jipya. Maneno yakaja, lakini yote meusi. Woi! Mama huandika soprano kwa nyekundu na alto kwa bluu. Bila rangi, nani atajua aimbe wapi?

Nikarekebisha, nikaiendesha tena. Rangi hizo hapo!

Mara nikasikia Mama akija mlangoni. Mkono ukaenda kufunga skrini kama kawaida.

Nikaurudisha.

Akaingia, akasoma. "Ni nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Mami."

"Kamau! Kuja ufunzwe kompyuta na dadako!"

Na nikamfunza. Polepole, nikirudia rudia, ndio aumie vizuri. 😂

Nani mwingine humu anaficha kitu anachojua? Jitokeze.