Mstari Ambao Mama Alikataa Uguswe

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na stationery yangu Chapwa, na kompyuta ya Linux ambayo shangazi alinivushia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wateja wakiona skrini nyeusi yenye maandishi meupe walidhani imekufa. Mimi nilikuwa naringa nayo, acheni tu. Naikumbuka mpaka leo.

Baba alipofariki, ndugu wa pande zote mbili za mpaka walikutana kumaliza msiba, na kama ilivyo kwetu Wanamwanga, akachaguliwa wa kurithi jina lake. Wakamchagua mdogo wangu, kitindamimba wetu, mtu mzima mwenye mke na shamba la kahawa. Tangu siku hiyo yeye ndiye baba. Sasa baba mdogo, yaani ndugu yake marehemu, alikuwa anaandaa kitabu cha ukoo pale dukani kwangu, faili moja kwa kila nyumba. Akataka jina la zamani la mdogo wangu liondolewe kote, liwekwe la marehemu.

Kwa kiherehere changu nikasema hiyo kazi ndogo. Nikaandika skripti fupi ya Bash, maagizo ya kompyuta kufuata: pitia kila faili, ukikuta jina hili weka lile. Kabla ya kuhifadhi nikataka inionyeshe kwanza, nikamsomea mama aliyekuwa amekaa nyuma yangu. Ukurasa wetu ukasema kitindamimba wa mama, aliyezaliwa Isansa wakati wa mvua kubwa, ni baba.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani nimemzaa mume wangu?"

Kisha kicheko kikakatika, akaanza kulia. Akasema sisi wengine wote tulipewa majina na upande wa baba. Lile la kitindamimba tu ndilo aliloachiwa achague mwenyewe, na sasa tunalifuta.

"Kwingine badilisha," akasema. "Pale nilipomzaa usiguse."

Baba mdogo akaguna, hakubisha. Nikaongeza agizo kwamba mstari wenye neno "kitindamimba" na jina lile urukwe, nikaendesha upya. Kote likabadilika, pale likabaki. Roho yangu ikatulia.

Jioni mdogo wangu alikuja na pikipiki kumchukua mama. Mama akamwita kwa lile jina alilomchagulia, taratibu. Akaitika. Akamwita tena, akaitika tena, wala hakuuliza anaitiwa nini. Halafu mama akanyanyuka, akamwambia, "Twende, baba."