Miwa ya Mama

Mama alipoanza kusukuma uji pembeni nilidhani ni uchovu wa dripu. Alikuwa kwangu Mafiga, akipumzika kati ya dozi moja na nyingine ya dawa ya saratani ya matiti. Viazi vitamu, hataki. Ndizi, hataki. Chai anakunywa bila sukari. Kliniki mzani ukaonyesha amepungua, na daktari akatuambia wazi kwamba akizidi kupungua, dripu inayofuata itabidi isubiri.

Nikambana. Ndipo akanipa simu yake nisikilize. Mama mdogo alikuwa ametuma kwenye kundi la ukoo sauti ya bwana mmoja anayejiita mtafiti, akisema sukari ndiyo chakula cha saratani, ukiinyima inakufa.

“Nimelima miwa Turiani maisha yangu yote,” mama akasema. “Nimeitafuna tangu msichana. Kumbe nilikuwa naulisha huu ugonjwa mwenyewe.”

Nilikasirika, na sijutii. Mimi nafundisha historia sekondari. Kila siku nawaambia wanafunzi wasiamini andiko kabla ya kujua nani kaliandika, lini, na alitaka nini. Nikamtafuta bwana yule mtandaoni. Alikosoma hasemi, tarehe hakuna, ila namba ya kuagizia unga wake wa majani ilikuwa kila mahali.

Nikaendelea kutafuta mpaka nikapata tovuti ya taasisi ya saratani. Madaktari waliopitia maandishi walitajwa, tarehe ya mapitio ipo, utafiti walioutegemea upo, na hawauzi kitu. Kila mada ilikuwa na kurasa mbili, mmoja wa wagonjwa na mwingine wa wahudumu wa afya. Ule wa wahudumu ulinitoa jasho kwa Kiingereza chake cha kitaalamu, nikauweka kando. Wa wagonjwa nikamtafsiria mama polepole: seli zote za mwili hutumia sukari, nzima na zenye saratani, na kuacha sukari hakuiui saratani kwa njaa. Aliye kwenye matibabu ale, asipoteze uzito.

“Nani kasema?” mama akauliza.

Nilifurahi kusikia swali hilo kuliko kama angesema ameniamini. Asubuhi tukaenda kliniki, nikamwonyesha nesi ukurasa wa wahudumu. Aliusoma wote akiwa amesimama.

“Shikamoo mama,” akasema alipomaliza. “Ni kweli kabisa. Kisukari huna, tulishakupima. Wewe kula.”

Nyumbani mama aliomba chai, akatia sukari mwenyewe. Kisha akarekodi ujumbe, ukoo mzima usikie: “Mdogo wangu, huyo bwana wako anauza unga wa majani tu. Usimsambaze tena.”

Siku ya dripu uzito ulitosha. Nesi aliona kimfuko kimechungulia kwenye mkoba wa mama, akauliza kuna nini. Mama akakifungua: pingili za muwa, zimemenywa tayari.

“Nimeletewa toka shambani kwangu,” akasema. “Chukua, mwanangu.”