Bushi za Upande wa Bondeni

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na sehemu kubwa yao walistahili. Wa kwanza alikuwa yule bwana wa ufundi, Mzungu aliyeletwa Sumbawanga miaka michache baada ya vita kuu ya pili, pamoja na mitambo minne ya kufumia nguo na sanduku la vifaa ambalo ufunguo wake aliuning'iniza shingoni. Mitambo ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, mikubwa, ya mbao na vyuma, na ilikuja vipande vipande juu ya lori la mfanyabiashara mmoja wa Majengo. Bwana alituambia kwamba sasa Wafipa watajifunza kufuma. Nguo tulikuwa tunazifuma kabla babu yake hajajua kufunga kifungo cha shati, ila hakuna aliyemwambia.

Banda la mitambo lilijengwa kwenye mteremko, nje kidogo ya mji. Upande wa juu sakafu ilikaa kwenye ardhi yenyewe. Upande wa bondeni vibarua walijazia udongo kwa makarai mpaka pakaonekana pamelingana na kwingine, wakaushindilia kwa miguu siku mbili, wakalipwa, wakaenda zao. Ndani ya lile sanduku la bwana mlikuwa na pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa na povu la kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Nilimwona akikitumia mara moja tu, alipotundika picha ya Mfalme ukutani. Alihangaika nayo karibu asubuhi nzima, akirudi nyuma, akifumba jicho moja, akisogea tena.

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ile. Nilikuwa nimesoma madarasa manne misheni na useremala miaka miwili, na kwa elimu hiyo nilijiona nimemaliza dunia. Wafumaji walikuwa wanane, wakipokezana, na mmoja wao alikuwa baba yangu mzazi. Baba alikuwa mfumaji wa kale, wa mtambo wa miti unaotandazwa chini, na shuka yake ukijifunika mwezi wa saba hukuhitaji moto. Siku alipopata kazi bandani nilimwambia ile miti yake sasa ni kuni. Aliikata, akajengea banda la kuku. Sikumhurumia hata kidogo. Niliona ameanza kuelewa.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Kila mtambo ulikuwa na shafti, chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka unapokanyaga, na kila ncha ya shafti ililala ndani ya bushi, yaani pete ya shaba iliyokazwa kwenye mguu wa mtambo. Bushi ikilika, shafti inaanza kucheza. Shafti ikicheza, kile kijibao chenye uzi wa mshindio, ule unaokwenda kulia na kushoto, ambacho sisi tulikiita mtumbwi, kinakosa njia yake, kinachomoka, kinakata nyuzi za mtande zilizonyooshwa kwa urefu, na mfumaji anakaa siku nzima kuunga. Bushi zetu zilikuwa zinakwisha baada ya majuma mawili. Bwana alisema kwao zinakaa miaka.

Dawa yake ilikuwa mafuta. Alikuja na kopo lenye mdomo mrefu, akatia mafuta asubuhi, akatia mchana, akatia alipokumbuka. Vumbi la pamba liliruka likanasa kwenye mafuta, vumbi la barabarani likaingia mlangoni likajiunga nalo, na ndani ya bushi pakawa na tope jeusi la kusagia chuma. Nilipomwonyesha alisema nimetumia kitambaa kichafu. Akaagiza bushi nyingine, zikachukua miezi kufika, zikalika kama zile za kwanza. Yeye alikuwa anaandika ripoti. Katika ripoti zile, padri mmoja wa misheni aliyezisoma aliniambia, hali ya hewa ya Ufipa ililaumiwa kwa kurasa kadhaa.

Nilimcheka, nikaamua kumwonyesha kazi. Nilitafuta mpingo kutoka bonde la Rukwa, nikauchonga bushi, nikazichemsha katika mafuta ya nyonyo mpaka mti ukaacha kutoa mapovu. Bushi ya namna hiyo haitaki kopo. Mafuta yamo ndani yake, shafti ikipata joto yanatoka kidogo, ikipoa yanarudi. Zilikaa majuma matano. Bwana alinishika mkono mbele ya watu, na kwa majuma hayo matano nadhani hapakuwa na mtu asiyekalika naye kama mimi katika mtaa wetu wote wa Malangali. Niliongea mezani kama ninahubiri. Mke wangu alikuwa ananisogezea tu ugali.

Kisha nazo zikalika. Zililika kwenye mitambo yote minne, na zote upande mmoja, ule wa bondeni. Bushi za upande wa juu zilikuwa bado zinang'aa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza swali. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Wafumaji walikaa bonde likiwa kuumeni kwao, na mguu wa kulia wa mtu una nguvu kuliko wa kushoto. Kwa hiyo, nilisema, wanakandamiza upande mmoja. Nilisimama katikati ya banda nikawafundisha kukanyaga, wazee waliokuwa wakifuma kabla sijazaliwa. Mtambo uliolika zaidi ya yote ulikuwa wa baba, karibu kabisa na ukuta wa bondeni.

"Baba," nilimwambia mbele ya wote, "mguu wako ni mzito. Unakanyaga kama mtu anayeponda udongo wa tofali."

"Nakanyaga sawa, mwanangu," alisema.

"Bushi haisemi uongo."

Nikamwondoa kwenye mtambo, nikampeleka kona ya kukunja nyuzi, kazi waliyokuwa wakipewa vibarua wa siku moja. Alikwenda. Alikaa pale akiwa amekunja mguu wake wa kulia chini ya kiti, na hivyo ndivyo alivyokaa kila siku baada ya hapo. Mfumaji aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana mwembamba, mwepesi wa miguu. Bushi zake zikalika vilevile, nami nikasema amefundishwa vibaya.

Mke wangu ni mtu wa Mpui, na wanawake wa kwao wanajisifia sakafu. Kila Jumamosi yeye na wenzake watatu walikuja kusiriba banda kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ili Jumatatu kazi ianze kwenye sakafu nyororo isiyotoa vumbi. Mimi ndiye niliyeagiza hivyo, na nilijivunia. Bwana hakujua hata kama sakafu inahitaji kutunzwa. Walizunguka miguu ya mitambo kwa viganja vyao, wakalainisha, wakamwaga maji, wakalainisha tena. Jumatatu ungeweza kula juu yake.

Jioni moja, tunakula ugali wa ulezi, mke wangu akaniambia, "Baba, upande wa juu tunatia ndoo moja ya udongo. Upande wa bondeni zinaingia tatu, na Jumamosi inayofuata zinaingia tatu tena."

"Punguzeni," nilimjibu. "Mnapenda kuchezea udongo."

"Hatuchezei. Panashuka."

"Pangeshuka ningepaona. Sakafu iko sawa kama meza."

"Iko sawa kwa sababu tunaijaza," alisema.

Nikamwambia ashughulike na ndoo zake, mambo ya mitambo ayaache. Sikuwa na hasira. Hilo ndilo baya. Nilimjibu hivyo huku nikiokota mboga. Alinirudia kwa jambo hilo mara mbili nyingine, mara ya mwisho akaniomba niende naye nikaguse tu kwa mkono wangu, nami nikasema nina kazi. Kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nachonga bushi.

Mwezi wa tisa bwana alitukusanya. Alisema mitambo isipokwenda mwezi mmoja mzima bila kusimama kabla ya mvua, itapakiwa kwenda wilaya nyingine ambako watu wanajua kutunza mali. Kila mtu alielewa maana yake. Kwetu mwanamume asiyekuwa na kazi alikuwa na njia moja, kuandikishwa manamba na kupelekwa kukata mkonge, safari ya siku nyingi, na wengi tuliwaona wakienda kuliko tulivyowaona wakirudi. Mimi niliogopa mkonge, nasema wazi. Na baba, ambaye mtambo wake ulikuwa umekuwa banda la kuku, hakuwa na umri hata wa kuandikishwa.

Nikachonga seti ya mwisho. Nilichagua kiini cha mpingo kisicho na ufa, nikachemsha siku tatu, nikapima kwa uzi mpaka shafti ikaingia bila kusukumwa. Mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kuliko bushi zile nane. Siku ya kumi na nane mtambo wa karibu na ukuta ulianza kugonga, na juma lililofuata mingine miwili. Bwana akafunga daftari.

Lori lilikuja asubuhi. Tulianza na mtambo wa upande wa juu, ukanyanyuka kwa kuvutwa kidogo tu. Tulipofika kwenye ule wa karibu na ukuta wa bondeni, miguu yake ya upande wa bonde ilikataa kutoka. Watu sita tulivuta, ikachomoka kwa sauti ya mtu anayetoa mguu kwenye tope, na chini yake pakabaki mashimo mawili. Niliingiza mkono. Uliingia mpaka juu ya kifundo cha mkono. Miguu ya upande wa pili ilikuwa imeacha alama tu juu ya udongo, kama ya kikombe. Kila Jumamosi maji ya kusiriba yalitelemkia kwenye udongo ule wa kujazia, mguu ukazama kidogo, na wanawake wakafunika kwa udongo mpya, pakawa sawa machoni. Mtambo ulikuwa umeegemea bondeni miezi yote hiyo, uzito wote wa shafti ukilalia pete moja. Hata chuma cha reli kingelika.

Mke wangu alikuwa mlangoni na ndoo yake, maana ilikuwa Jumamosi. Aliyatazama mashimo, akanitazama mimi.

Bwana alikuwa hatua kumi kutoka pale, anavuta sigara na mwenye lori. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, nayo fupi: bwana, si bushi, ni sakafu. Mitambo ingeshushwa. Tungetafuta mawe, tungeweka pimamaji lake, na wanaume wanane wangebaki makwao. Lakini angeuliza nimejuaje, na aliyejua alikuwa amesimama mlangoni, nami nilikuwa nimemkataza mara tatu. Na watu wote wale wangenicheka mpaka Krismasi. Nikashika mguu wa mtambo, nikasema, "Haya, nyanyueni."

Mtambo wa baba haukupakiwa. Bwana aliandika kwa chaki juu yake kwamba ni mbovu, nao ukatupwa nje ya banda. Baba akauomba, akapewa. Juma lililofuata nilijiandikisha manamba kwa hiari yangu, mimi niliyeogopa mkonge kuliko wote, kwa sababu sikuweza kula chakula mbele ya mwanamke yule.

Nilikaa mikataba miwili. Niliporudi nilisikia mlio wa mtambo kabla sijaiona nyumba, unakwenda kwa mwendo mmoja, haugongi. Ulikuwa chini ya kibanda cha nyasi, kila mguu juu ya jiwe bapa. Jiwe moja nililitambua, lilikuwa jiwe la mke wangu la kusagia ulezi, lile aliloletewa kutoka kwao. Aliniambia baadaye walivyofanya yeye na baba: waliweka sinia la maji juu ya mbao za mtambo, wakachimba na kujaza chini ya mawe mpaka maji yakakaa sawa kila upande. Iliwachukua alasiri moja.

Baba alikuwa anafuma. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha miguu. Nilingoja amalize mstari, nikapiga magoti, nikashika ncha ya shafti ya kulia, nikaitikisa. Haikucheza kiasi cha kugonga. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa bushi. Ilikuwa ile ile ya mpingo, niliyoichonga kwa mkono wangu, imeng'aa na kuwa laini. Ilikuwa imelika upande mmoja kiasi cha unene wa ukucha, kazi ya zile siku kumi na nane. Miaka yote iliyofuata haikuwa imeongeza kitu.

"Unatafuta nini huko chini?" baba aliuliza.

"Naangalia bushi, baba."

"Ikoje?"

"Nzima."

"Basi na mguu wangu umepona," alisema.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mikono ina udongo. Nilibaki pale chini, kichwa karibu na mguu wa kulia wa mzee, nikauona ukishuka juu ya ubao na kupanda, mwepesi. Alikuwa anakanyaga sawa. Niliona haya kiasi kwamba sikujua nisimame upande gani, nikabaki nimepiga magoti mpaka mke wangu aliponiambia niende kunawa, chakula kiko tayari.