Niliapa Mbele ya Wachinjaji, Sasa Wifi Yangu Anakaribia Kujifungua

Admin, niwekee hii lakini jina lifiche, maana nikijulikana kazi imeisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Umoja, nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni utafiti wa homa ya ini, hasa ile aina ya B. Mtu hukaa na virusi vyake miaka mingi bila kuumwa hata kichwa, halafu siku moja macho yanakuwa manjano na tumbo linajaa maji. Nimewaona wengi wakiletwa hospitali wakati hakuna tena la kufanya.

Mwaka jana tulienda soko la Kiamaiko kupima wachinjaji wa mbuzi. Walitukataa kabisa. Walisema eti tunawapima Ukimwi kwa ujanja na majibu yatazunguka soko lote. Mimi, kwa kujifanya mwerevu, nikamwita mdogo wangu wa kiume. Yeye hushona viatu vya ngozi Kariokor na wale watu wanamjua vizuri. Nikamwomba atoe damu wa kwanza ili wengine wamwone. Kisha nikasimama mbele yao nikaapa kwamba majibu ya mtu ni yake peke yake. "Hata awe ndugu yangu wa tumbo moja, sitamwambia mtu!" Wakacheka, wakapanga foleni. Siku hiyo nilijiona shujaa, mjinga mimi.

Kwenye maabara hakuna majina, ni namba tu. Lakini namba ya mdogo wangu, aliyetoa damu wa kwanza, ningekosaje kuijua? Ilipotoka na virusi, tena vingi, niliisoma tena na tena.

Mshauri wetu alimwita akampa majibu yake. Nikasubiri amwambie mkewe. Miezi ikapita, na mke akashika mimba. Alipofika mwezi wa nane nilishindwa kuvumilia, nikamfuata kazini.

"Umemwambia mama watoto?"

"Nimwambie nini, siz? Mimi niko fiti. Naumwa wapi?"

"Kama umemwambukiza, mtoto anaweza kuupata akizaliwa. Mama apimwe sasa, na mtoto achanjwe siku hiyo hiyo. Akingoja ile chanjo ya kawaida ya wiki sita, tumechelewa."

Akaweka nyundo chini. "Hii ugonjwa watu wanasema ni ya kutembea nje. Ataamini aje sijatembea? Na si wewe uliapa pale kwa wachinjaji? Nilikusaidia na kazi yako, siz. Sasa unataka kunivunjia nyumba?"

Nikageuka nikaondoka. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Wiki jana nikajaribu kumzunguka mdogo wangu. Nikamwambia wifi akienda kliniki aombe kipimo cha homa ya ini. Akaniangalia. "Wifi, kwani kuna kitu unajua?" Nikasema hapana, ni kawaida tu kwa wajawazito. Nilimtazama usoni nikamdanganya. Alipofika kliniki akaambiwa vifaa vya kipimo hicho vimeisha, arudi siku nyingine. Hajarudi. Anasema si lazima, kwani mimi mwenyewe nilimwambia hakuna kitu.

Nikisema, nitafukuzwa kazi, hilo nalijua. Lakini kuna wale wanaume wa Kiamaiko walioanza dawa kwa kuniamini mimi. Wengine ini limeshaanza kuharibika. Wakisikia nimetoa siri ya ndugu yangu, nani atarudi kuchukua dawa? Na nikinyamaza, yule mtoto anaweza kukua na ugonjwa huu mwilini, na mimi nikawa shangazi wa kumbembeleza. Nimemkasirikia mdogo wangu mpaka sipokei simu zake, halafu nakumbuka ni mimi niliyemwita atoe damu.

Tafadhali msiniambie niombe Mungu, naomba kila siku. Jana wifi alinipigia anacheka, kafurahi kweli. "Nimewaambia hospitali ni wewe utakuwa na mimi nikijifungua. Bro wako anaogopa damu. Nikiwa na wewe siogopi kitu."

Zimebaki wiki tatu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, niambieni ukweli hata kama ni wa kunitukana: nivunje kiapo, au nisimame kando ya kitanda chake nimshike mkono nikiwa kimya?