Mabinti wa Watu katika Kompyuta ya Marehemu Hakimu

Begum Shaista hakupenda kuogopa mbele ya watu. Mjane wa hakimu, kwa maoni yake, hakupaswa kuonekana akitetemeka hata nyumba ikiungua. Ndiyo maana asubuhi ile, maneno yalipotokea kwenye kioo cha kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe, alisimama kwanza akafunga mlango wa chumba, kisha akakaa na kutetemeka.

Maneno yenyewe yalikuwa machache: programu kuu ya kompyuta hii imefika mwisho wa kuhudumiwa, haitapata tena marekebisho ya usalama. Alikuwa amesoma chuo kikuu Lahore, alielewa. Nyumba bado imesimama, lakini mlinzi wa mlangoni ameachishwa kazi, na wezi wote wa dunia wamepewa habari.

Na ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mabinti wa watu. Kwa miaka mingi familia za heshima za Multan zilimwamini kuunganisha ndoa. Hakuwa mmoja wa wale washenga wa kulipwa wanaozunguka majumbani wakichungulia sufuria za wenyewe. Akina mama walimletea picha za binti zao, elimu yao na ukoo wa babu zao, naye akaviweka vyote kwenye kompyuta, akachagua nani aonyeshwe nani. Picha ilitoka kwake ikaenda kwa mama au shangazi wa kijana, basi. Kijana mwenyewe hakuiona mpaka wazee waridhike. Mwaka uliopita, mtaa wa pili, picha ya msichana mmoja ilizagaa kwenye simu za vijana, na hakuna aliyejua ilivyotoka. Familia ile ilihama bila kuaga. Nyumba yao bado tupu, na watoto huipita wakikimbia.

Alimpigia simu mwanawe Haris, aliyekuwa akifanya kazi Sharjah.

"Mama, tupa hiyo. Nunua mpya."

"Kwa bei za sasa? Unadhani pensheni ya baba yako ni kisima?"

"Basi nitakutumia mimi."

"Nimekuuliza njia, Haris, sijakuomba pesa."

"Haya, njia zipo. Unaweza kujiandikisha ukapewa mwaka mmoja wa nyongeza. Au uitoe kabisa kwenye intaneti. Au uwekewe programu nyingine, ya bure, nyepesi, inafaa mashine kuukuu. Si shangazi Kishwar anayo?"

"Usinitajie shangazi yako."

Kishwar, dada wa marehemu, alikuwa mstaafu wa benki, bahili wa kutupwa na mwenye ulimi wa pilipili. Kumwomba msaada wifi huyo ni kumpa kitoweo cha maneno cha mwaka mzima.

Shaista aling'oa waya wa intaneti kwa mkono wake. Hofu haikung'oka. Ijumaa, Bi Tasneem wa Bahawalpur angekuja kwa ajili ya mpwa wake. Kijana huyo alikuwa ametafutiwa Mahjabin, binti wa Bi Nusrat, na Shaista alitaka kuitazama picha mara ya mwisho. Aliifungua. Uso wa binti ulijaa kioo kizima, shela ya kijani, tabasamu la kuibia. Ghafla feni ya kompyuta ikanguruma yenyewe, kwa nguvu, kama kuna mtu ndani anayehema. Shaista aliruka kitini. Alibamiza kifuniko bila kuzima chochote, akaivingirisha kompyuta kwa mtandio kama mwali anayetolewa nje, akaita riksha mpaka sokoni, kwa fundi Shabbir, aiwekee programu nyingine.

"Iache, Begum," Shabbir alisema. "Upitie kesho kutwa."

"Niiache? Utaifanya nikiwa nimekaa hapahapa, na kioo usikitazame."

"Begum, hata daktari wa meno huomba mgonjwa apanue mdomo!"

"Wewe tazama vitufe."

Wanaume waliokuwa wakinywa chai pale dukani wakaangua kicheko. "Shabbir, mfunge kitambaa machoni!" mmoja akasema. "Leo utatengeneza kwa kupapasa!"

Shabbir naye alicheka, akaivua kompyuta mtandio, akafungua kifuniko. Hakuna aliyewahi kumwambia Shaista kwamba kompyuta ya aina ile ukiifunika bila kuizima husinzia tu, na ikiamka huendelea pale ilipoishia. Mahjabin akatokea juu ya kaunta, mkubwa, mng'avu, akiwatabasamia wanaume.

Kicheko kilikatika. Mtu akanong'ona, "Mashallah." Na mlangoni kijana mmoja alikuwa ameishika simu yake usawa wa kifua, jicho la kamera likitazama ndani.

Shaista alibamiza kifuniko, nusura avunje vidole vya fundi.

"Wewe! Umepiga picha?"

"Mimi? Nasoma ujumbe wangu, mama."

"Nionyeshe simu."

"Nikuonyeshe kwa nini? Kwani huyo ni nani?"

Kila swali ambalo angeongeza lingewaambia kwamba uso ule una thamani, na mwisho wangetafuta jina. Alibeba kompyuta yake akatoka. Njia nzima kila simu aliyoiona mkononi mwa mtu ilikuwa na shela ya kijani ndani yake.

Jioni hiyo alimpigia wifi yake. Kishwar alifika na flashi mbili mkobani.

"Kumbe na msomi wa Lahore hukwama!" alianzia mlangoni. "Miaka mingapi nakwambia, wifi, kitu cha bure si lazima kiwe cha maskini? Ulidhani programu yangu inaambukiza ukata?" Kisha akauona uso wa Shaista, akaacha mzaha, akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta.

Walihamishia picha zote kwenye flashi, wakafuta kila kitu, wakaweka programu ya bure. Haikuwa kazi ya miujiza. Kompyuta iliamka nyepesi, kimya, na ingepata marekebisho yake kama kawaida.

"Na ile ya kijana?" Shaista aliuliza.

"Hiyo iko kwenye simu yake, kama ipo. Hapo sina dawa." Kishwar alishusha sauti. "Kaa kimya, wifi. Jina la kaka yangu limo humo. Nani atajua?"

Shaista hakulala vizuri. Kilichomtisha zaidi ni jinsi ushauri ule ulivyokuwa mtamu. Lakini habari ikitoka sokoni kabla ya kutoka kinywani mwake, hakuna mama atakayeamini tena kwamba ilikuwa ajali. Asubuhi alikwenda kwa Bi Nusrat, mama wa Mahjabin, akamweleza yote.

Nusrat aliinuka, akafunga dirisha la upande wa barabara.

"Mwanangu ameanikwa sokoni," alisema.

"Ni kosa langu mimi."

"Basi ulitamke mwenyewe. Kesho, mbele ya mgeni, kabla hajaonja kitu. Asije akasema mimi nilimficha."

Siku ya Ijumaa Bi Tasneem aliketi kwenye sebule ya Nusrat, mnene, mwenye macho yasiyopepesa, halua mbele yake. Shaista alisema. Ilibidi arudie sehemu ya kijana mlangoni. Hakusema "labda," hakusema "fundi." Aliposema jina la marehemu mumewe, kwamba si yeye wa kulaumiwa, alilitazama zulia.

Tasneem alisukuma sahani ya halua kando. Nusrat akafumba macho.

"Maneno hayo ya kioo," Tasneem alisema polepole, "yanasema imefika mwisho wa kuhudumiwa?"

"Ndiyo."

"Kwangu yametokea tangu juzi. Nikadhani ni tangazo, nikayafuta." Rangi ilikuwa imemtoka. "Binti zangu wote wamo humo. Harusi ya mkubwa, picha za ndani, kila kitu. Na bado nimeichomeka kwenye intaneti."

Tasneem alitoa simu mkobani, akampigia mumewe Bahawalpur. "Ng'oa waya," alisema. "Usiulize, ng'oa tu. Na usimpelekee fundi." Kisha, simu ikiwa bado sikioni, akamgeukia Shaista: "Huyo wifi yako anakubali kusafiri?"

"Akilipiwa nauli."

"Mwite. Na huyo binti naye aletwe, nimwone kwa macho yangu."